Jioni Moja Kisii: Ulimi na Sikio



Ndugu zetu katika imani, akina mama na mabinti wa kila nyumba inayolipokea jarida hili: wiki iliyopita hatukuwako. Darsa ya baada ya Alasiri aliishika mwenzetu, nasi tulikuwa safarini bara, mjini Kisii, kumjulia hali binti yetu anayesomea ualimu huko. Msafiri harudi mikono mitupu, na zawadi tuliyowaletea ni habari ya jioni moja.

Tulitoka Mombasa kwa gari moshi, tukalala Nairobi, na baada ya Alfajiri tukapanda matatu ipitayo Narok, Bomet na Sotik. Baada ya Sotik macho hayana tena uwanda wa kupumzikia. Ni vilima juu ya vilima, chai imetandikwa kama busati, migomba imezunguka nyumba, na kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Huko Keroka tulipita katika mji uliokaa juu ya mpaka: upande huu ni kaunti ya Nyamira, upande ule ni kaunti ya Kisii, na watu ni wale wale Abagusii. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.2 Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira, katika eneo ambalo gari hulivuka kwa saa chache.

Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozoea joto la pwani tulivaa sweta juu ya kanzu, na bado tulitetemeka. Mvua ya alasiri ilikuwa imenyesha, na wachuuzi wa ndizi walikuwa wakifunua maturubai yao. Binti yetu alitupokea stendi, akatubusu mkono, akasema, "Ba-baba, leo usiku nitakupeleka mahali."

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo jirani zetu wanalijua. Binti yetu ana kigugumizi tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, katika hafla ya madrasa yetu wenyewe, alisimamishwa asome kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake. Neno la tatu lilimkwama. Watoto walicheka, na baadhi ya wazee walitabasamu. Sisi tuliokuwa tumeshika kipaza sauti tulimhurumia, tukamsomea yaliyobaki, kisha tukamrudisha kwa mama yake. Tangu siku ile hakusimama tena mbele ya watu. Aliposema anataka kuwa mwalimu, tulinyamaza, na ndani ya nyoyo zetu tulisema: atafundishaje?

Basi, baada ya kujumuisha Magharibi na Isha kwa ruhusa ya msafiri, tulimfuata hadi ukumbi mdogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Viti vilikuwa ishirini hivi. Mwenyekiti alikuwa mama muuguzi. Walikuwamo karani, mkulima wa chai kutoka Nyamira, wanafunzi, na kijana wa bodaboda aliyeweka kofia yake ya chuma chini ya kiti. Ilikuwa klabu ya kujifunza kuzungumza hadharani, na jioni hiyo ilikuwa zamu ya Kiswahili.

Utaratibu wao unafuata ule wa vilabu vya Toastmasters, vilivyoanzishwa na Ralph Smedley katika mji wa Santa Ana, California, mwaka 1924. Tulipoambiwa kwamba vilabu hivyo havikuwafungulia wanawake mlango rasmi hadi mwaka 1973, tulimtazama tena mwenyekiti wetu, naye alikuwa akigonga meza ili watu watulie.

Kila mtu ana kazi. Mmoja hushika saa, na mbele yake ana kadi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Mwingine huhesabu kila "eee" na kila neno la kujazia pengo. Mwingine husikiliza lugha. Na kila anayehutubu hupangiwa mtu wa kumtathmini, aeleze mbele ya wote kilichofaa na cha kurekebisha. Mwenyekiti alitaja kanuni moja kabla ya kuanza: msemaji akikwama, asisaidiwe neno. Asubiriwe.

Kijana wa bodaboda alizungumza juu ya shamba la babu yake. Babu aligawia wana, wana wakagawia wana, na sasa sehemu yake yeye, alisema, akilaza pikipiki, gurudumu la nyuma limo kwa jirani. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na shamba lake akilini.

Likaja zoezi la maswali ya papo kwa papo, na mgeni akaheshimiwa kwa kuitwa. Tuliulizwa: ni chakula gani cha nyumbani unachokikumbuka sasa hivi? Muda ni dakika mbili. Wasomaji wetu, tumepanda mimbari kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulianza kwa kumhimidi Mola, tukamsalia Mtume, tukamshukuru mwenyekiti, tukawashukuru wenyeji, tukaingia katika fadhila za safari. Kadi ya kijani ilipita, ya manjano ikapita. Nyekundu iliinuliwa tukiwa bado hatujafika jikoni. Wakatupigia makofi ya adabu, ambayo maana yake ni: keti. Mhesabu akatangaza kwamba tumesema "yaani" mara kumi na moja.

Tuliketi tukikumbuka Hadithi ya Ammar bin Yasir katika Sahihi Muslim, kwamba kufupisha khutba ni dalili ya ufahamu wa mtu. Tumeifundisha mara nyingi. Ijumaa hakuna wa kutuinulia kadi.

Kisha akaitwa binti yetu. Ilikuwa hotuba yake ya kwanza yenye maandalizi, ya dakika nne hadi sita. Alisimama. Alisema "Mwenyekiti," na neno la pili likakwama. Tuliona shingo yake ikikaza kama ile siku ya madrasa. Tulilijua neno analolitafuta, lilikuwa tayari midomoni mwetu, na tulikwisha inuka nusu kutoka kitini. Mkulima wa chai aliyeketi kando yetu alituwekea mkono juu ya goti, bila kutugeukia. Ukumbi wote ulisubiri. Hakuna aliyetazama chini, hakuna aliyekohoa. Neno likaja. Na baada yake yakaja mengine, mengine mepesi, mengine kwa taabu, kuhusu samaki wa bibi yake na jinsi alivyojifunza kuhesabu kwa kupanga mafungu yao sokoni.

Kadi nyekundu iliinuliwa juu yake kama ilivyoinuliwa juu yetu, naye akafunga. Mtathmini wake, msichana wa umri wake, hakumsifu kwa ushujaa. Alimwambia kisa ni kizuri, lakini umeshika karatasi juu mno hata hatukuyaona macho yako, na bibi umemwacha sokoni, mrudishe nyumbani. Binti yetu aliandika yote. Tuzo ya jioni, kibakuli cha jiwe la Tabaka, ilikwenda kwa kijana wa bodaboda, na ilikuwa haki yake.

Asubuhi tulimsindikiza Nyamira, ambako muhula ujao atafanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi. Njiani, wachumaji wa chai walikuwa wamekwisha ingia mashambani na vikapu mgongoni. Tulimwomba radhi kwa siku ile ya madrasa. Alifikiri, kisha akasema, na safari hii tulimsubiri:

"Baba, waliocheka niliwasahau. Wewe ulinimalizia. Na nyumbani pia, kila siku, ukinimalizia."

Hatukuwa na jibu. Nabii Musa alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi, na akaomba nduguye Harun awe msaidizi wake. Lakini kwa Firauni alikwenda mwenyewe, na aliyemdharau kwa usemi wake alikuwa Firauni. Na katika masahaba wa kike yumo Asmaa binti Yazid, aliyejulikana kwa lakabu ya msemaji wa wanawake. Tumewasomesha mabinti zetu jina lake. Nafasi ya kusema hatukuwapa.

Basi, kuanzia Alhamisi hii, nusu saa ya mwisho ya madrasa yetu itakuwa ya watoto, wasichana na wavulana kwa zamu, kila mmoja dakika tatu. Kadi tumekwisha zikata. Kanuni ni ile ya Kisii: akikwama, asubiriwe. Akina mama mnakaribishwa kuja kusikiliza, na mnaombwa kuijaribu kanuni hiyo nyumbani, mezani, kwa yule mtoto ambaye kila mtu humjibia.

Mwenyezi Mungu atufungulie ndimi zetu, na atupe masikio yenye subira. Amin.