Singida: Binti anapotaka kuwa msusi

Asubuhi stendi ya Misuna mjini Singida huwa na pilikapilika. Mabasi ya Mwanza yanayotoka Dodoma hupita, na yapo yanayoelekea Arusha kupitia Katesh na Babati. Wachuuzi huyakimbilia na madumu ya mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji. Kati ya abiria hukosi kumwona binti mwenye begi moja, anayekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo mabinti wake hufuatwa sana kwa kazi hiyo.

Ukitoka stendi na kuingia mitaani, mji huu wa mawe makubwa ulio kando ya maziwa ya Singidani na Kindai unakuonyesha kazi nyingine. Barazani, chini ya mti, au kwenye fremu yenye mlango mmoja, mteja ameketi kwenye kigoda na msusi amesimama nyuma yake na chanuo. Wazazi wengi tunaiona kazi hiyo kama kitu cha kupotezea muda wakati binti anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Akisema anataka iwe kazi yake, tunanuna.

Mzazi, kabla hujanuna, tazama kazi yenyewe. Anayeanza hufumua, huosha na kutenganisha rasta. Kisha hujifunza kupasua mistari, maana mstari ukipinda hakuna rasta itakayouficha. Mabutu na twende kilioni humfungua mikono, ndipo aende kwenye yeboyebo na rasta ndogondogo. Mara nyingi hukabidhiwa kisogo kwanza. Upande wa usoni hupewa akishaaminika.

Pia hujifunza kutunza kichwa cha mtu. Nywele zikivutwa mno, ngozi huuma, vipele hutokea, na nywele za mbele huweza kukatika zisiote tena. Chanuo lisilooshwa huhamisha mapunye kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Msusi anayekataa kumbana mtoto mdogo kwa nguvu, hata mama yake akisisitiza, ndiye atakayerudiwa na wateja.

Singida ina kalenda yake. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo watu wako shambani na fedha ni za mawazo. Alizeti ikishavunwa na kuuzwa, harusi huanza na viti vya wasusi hujaa. Binti wa Ikungi au Kiomboi asiyejua hili atadhani Februari biashara imekufa. Mfundishe kuweka akiba ya mavuno kwa ajili ya masika.

Usikimbilie kumpangia fremu. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na fremu bila wateja ni deni. Kuanza, chanuo, kioo, taulo safi na kiti vinatosha. Rasta mteja anaweza kununua mwenyewe. Asuke barazani au awafuate wateja majumbani kwao, kwa watu mnaowafahamu, hadi jina lake litajwe na watu wasio ndugu zake.

Ukimpeleka kwa fundi, kaeni chini mkubaliane: atajifunza miezi mingapi, ada ni kiasi gani, na akianza kusuka wateja, malipo ni ya nani. Andikeni na kila mmoja abaki na nakala. Bila hivyo, wapo wanaomaliza mwaka wakifagia saluni na kulea watoto wa fundi.

Hapo ndipo Misuna inarudi kwenye mazungumzo. Ahadi ya "nitampeleka binti yako Dar, akafanye kazi saluni" inavutia. Muulize anayeahidi: saluni iko mtaa gani, binti atalala wapi, nani atashika simu yake? Akikwepa, binti asipande basi. Kumsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bure.

Akibaki nyumbani, milango ipo. VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wa fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti. Ulizia ofisi ya Singida kuhusu fani ya nywele. Wasusi wakiunda kikundi na kukisajili, wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024.

Kazi hii inachosha. Mgongo huuma, vidole hukakamaa, na kichwa kimoja huweza kuchukua siku nzima. Binti anahitaji kupumzika kama fundi mwingine yeyote, na anahitaji ndugu wasiotaka kusukwa bure kila Jumamosi. Ukitaka kumuunga mkono, anza wewe: kaa kwenye kiti chake, asuke, halafu mlipe.