Ngazi Mbili za Kipanya

Enzi za vipanya, zile daladala ndogo, safari ya dada yangu kwenda Posta ilianzia na kuishia kituoni Magomeni Kagera. Aliugua polio utotoni, anatumia kiti mwendo. Gari likisogea, konda akikiona kiti tu, anapiga bodi makofi mawili: "Twende, suka!" Pembeni yetu wanafunzi nao waliachwa, kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Nilikuwa nikimlaumu konda, hadi nilipoelewa kwamba kila jioni dereva anadaiwa hesabu ya tajiri. Kwa biashara ya namna hiyo, mlemavu, mzee na mtoto wa shule wote ni hasara. Siku nyingi tulirudi nyumbani jua likiwa utosini, hatujafika popote.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni. Mlango wa basi ulipofunguka, niliinama kumbeba kama nilivyozoea.

"Niache, mdogo wangu," akasema.

Sakafu ya kituo na sakafu ya basi zilikuwa kimo kimoja. Akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akaingia. Tuliposhuka Feri tulikaa hadi alasiri tukitazama pantoni likienda Kigamboni na kurudi. Usiku ule sikulala mapema. Miaka yote tulikuwa tukiililia miguu yake, kumbe kilichomfungia mji ni ngazi mbili za kipanya.

Kazi haijaisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Asubuhi umati huo unagombea basi, na kwenye msukumano ule dada hana pake. Husubiri hadi saa nne. Tena kati ya mlango wetu na lami palikuwa na mtaro wazi. Hapo bado nilimbeba.

Mwaka jana vijana wa kijiwe cha bodaboda walichanga saruji na nondo waufunike. Kabla ya kumwaga zege walimwita dada, wakapima upana wa kiti chake kwa futi kamba. Natamani kila mchoro wa barabara na soko katika nchi hii uanzie hapo: kumwita anayezuiwa, kisha kupima.

Jumanne iliyopita nilimpigia simu kumuuliza nimpitie saa ngapi. Nilisikia honi ya pantoni kabla hajanijibu.