Weka Chini Kikombe cha Maji

Tanga,
Januari

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi limetushika barabara. Picha zako za mmea zimefika, nami nimezitazama moja baada ya nyingine. Kabla ya yote nakuomba: weka chini hicho kikombe cha maji, na usiumwagilie huo mmea mpaka umalize kusoma barua hii.

Unasema mpangaji aliyekutangulia aliuacha hapo chumbani bila kibandiko, na kwamba programu ya simu imekupa majina mawili, Zamia na Zamioculcas, ukabaki njia panda. Si Zamia. Zamia ni saikadi: haitoi maua, huzaa koni, na majani yake ni makavu na magumu. Sasa inama uutazame wa kwako pale kila tawi linapotoka udongoni. Pamevimba, pamejaa maji. Na hilo unaloliita tawi kwa kweli ni jani moja kubwa, kikonyo na vyote, na hivyo unavyoviita majani ni vijani vyake vilivyopangwa pande mbili. Shina lenyewe limelala ndani ya udongo, nene, limejikusanya mithili ya kiazi. Kuna siku huenda ukaona ua lake: kigunzi kifupi cha manjano iliyopauka, kimejificha chini kabisa karibu na udongo. Ua la namna hiyo umewahi kuliona, kwa sababu mmea wako ni wa ukoo mmoja na magimbi.

Jina lake kamili ni Zamioculcas zamiifolia, na ni mmea wa kwetu. Unaota wenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Bustani ya Loddiges ya London iliuandika kitaalamu mwaka 1829, na jina linalotumika leo alilitoa Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905. Baada ya hapo ulikaa miaka mingi bila kujulikana sana na wanunuzi, mpaka wakulima wa huko huko Uholanzi ulipo wewe walipoanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Leo umejaa katika ofisi na mahoteli ya dunia nzima. Inaniuma kwamba huuzwa bila kutajwa unakotoka, maana hapo ndipo penye maelezo yote ya namna ya kuutunza.

Fikiria msitu mkavu wa pwani, wenye mawe, udongo haba, na kivuli cha miti. Masika ikija, maji hunyesha na kupita. Kisha kiangazi, wiki baada ya wiki, hakuna hata tone. Mmea huu umeumbwa kwa maisha hayo. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa majani na vikonyo vyake ni maji, na kiazi nacho kimejiwekea akiba. Ukikaukiwa, huweza kufungua vitundu vya majani usiku kuvuta hewa, wakati ambapo maji yanayopotea ni machache. Hali ikizidi kuwa ngumu, unapukutisha vijani, unabaki na vikonyo vilivyonenepa na kiazi, unangoja mvua.

Ndiyo maana maji ya kila asubuhi yanauumiza. Ile njano unayoiona chini, pamoja na kikonyo kilicholegea ulipokibonyeza, si kiu. Naogopa kiazi kimeanza kuoza. Utoe kwenye chungu polepole, pukuta udongo, utazame. Kiazi kizima ni kigumu na cheupe-cheupe au kahawia hafifu. Kilichooza kimekuwa rojo na kinanuka. Kata sehemu hiyo kwa kisu safi mpaka ufike penye uzima, kisha acha jeraha likauke hewani siku moja au mbili. Rudishia kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga mnene au perlaiti, na chungu kiwe na matundu chini. Hicho cha kauri ulichonionyesha hakina tundu hata moja, maji yanatuama humo.

Baada ya hapo, kumwagilia kusifuate kalenda. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini, kiache kidogo, ukitoe. Kikitoka na udongo uliolowa, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia vizuri mpaka maji yatokee chini, uyamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Katika baridi hiyo ya kwenu, jua likiwa dogo, huenda zikapita wiki nne au zaidi kati ya mara moja na nyingine.

Wauzaji husema mmea huu hupenda giza. Giza unalivumilia tu. Uweke karibu na dirisha wakati huu wa baridi, mbali na kile chuma cha kupashia chumba joto. Jua kali la kiangazi likija, uusogeze pembeni lisiupige moja kwa moja. Mbolea subiri mpaka utakapoanza kutoa majani mapya, tena nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Umeniuliza pia kuhusu paka wa mwenzako. Unakumbuka mikono inavyowasha mtu akimenya magimbi mabichi? Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, na mmea wako unazo vilevile. Paka akitafuna, mdomo utamwasha na kumvimba. Uweke asipofika, na wewe nawa mikono ukimaliza kukata. Yale maneno kwamba mmea huu huleta saratani ukiugusa hayana msingi, usiyabebe.

Vijani vilivyoanguka vikiwa bado kijani usivitupe. Vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, upande wa kikonyo ukiwa chini. Kila kimoja kitatengeneza kwanza kiazi chake kidogo, na chipukizi litafuata baada ya miezi mingi, pengine mwaka. Usivichimbuechimbue kuangalia.

Ukishautoa kwenye chungu, nitumie picha ya kiazi kabla hujatia kisu, nikuonyeshe pa kukata.

Wako akupendaye,
Shangazi