Barua kwa Mwanangu Anayekuja Katavi

Mpanda,
10 Juni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia. Huku mahindi yameshavunwa na sasa tunayaanika. Nimefurahi kusikia kwamba likizo hii wewe na wenzako mmeamua kuja Katavi. Ila uliniuliza ni hoteli gani ndani ya hifadhi yenye mtandao mzuri, na mtakula mgahawa gani. Maswali hayo yamenifanya nikuandikie barua, kwa sababu majibu yake hayatoshi kwenye simu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katavi humpa mgeni jembe siku ya kwanza. Ni hifadhi ya taifa tangu 1974, ina kilometa za mraba 4,471, na bado unaweza kuzunguka humo asubuhi nzima usikutane na gari jingine. Wapo wanaosema huo ni upungufu, kwamba ingefaa tujengewe kama hifadhi za kaskazini. Mimi nasema huo upweke ndio mali yetu. Kwingine simba mmoja huzingirwa na msururu wa magari. Huku mtatazamana ninyi na yeye tu. Lakini upweke huo una masharti: yale ambayo kwingine mwenyeji humwandalia mgeni, huku mgeni huja nayo mwenyewe.

Anzeni na majira. Njooni kati ya Julai na Oktoba. Mvua zikianza Novemba, udongo mweusi wa mabondeni hulainika na kunasa gari mpaka ekseli, na njia nyingi hazipitiki hadi Aprili au Mei. Kiangazi njia hukauka, nyasi hulala, na wanyama husogea kwenye maji machache yaliyobaki.

Gari liwe lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na dereva awe anajua kulitumia. Bebeni matairi ya akiba mawili, jeki, kamba ya kuvutia, na madumu ya maji ya kunywa. Jazeni mafuta hapa Mpanda kabla ya kushuka Sitalike, lilipo lango na makao makuu ya hifadhi. Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu, hivyo mpangilie malipo mkiwa bado mna mtandao, na mje na vitambulisho, maana raia hulipa kwa shilingi na ada yetu ni nafuu. Chukueni mwongozo au askari wa hifadhi. Wanaijua njia iliyo hai na iliyokufa, na kama mnataka kutembea kwa miguu, bila askari mwenye bunduki hakuna ruhusa.

Sasa ndorobo. Nakuambia mapema ili usije ukasema mimi shangazi yako nilikuficha. Katika miombo wapo wengi, hulifuata gari linalotembea, na mdomo wao hupenya shati. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu, na mfunge vioo mkipita porini. Mkifika mbuga ya wazi hupungua. Baada ya kurudi, mtu akipata homa, amweleze daktari kwamba alikuwa kwenye ndorobo, ili apimwe malale pamoja na malaria.

Mkishajipanga hivyo, nendeni Ikuu, ndani ya hifadhi, mkakae. Nasema mkae, wala si mpite mkipiga picha. Mto Katuma, ambao wakati wa mvua hujaza maziwa ya Katavi na Chada, mwishoni mwa kiangazi hukatika ukabaki madimbwi. Hapo viboko hujazana kwa mamia, mgongo kwa mgongo, kiasi kwamba maji yenyewe huyaoni. Utaona ngozi zilizochanika kwa meno, kwa sababu madume hugombania nafasi ya kulowesha mwili. Mara dume mmoja atainuka na kupanua kinywa, na kundi zima litasukumana kama mawimbi ya tope. Kisha tazama kingo za mto kwa utulivu. Kuna mapango ambayo mamba wamejichimbia kwenye udongo. Hulala humo wakilaliana, wakisubiri mvua. Jambo hilo halionekani kwa mtu mwenye haraka. Usiku viboko hutoka kwenda malishoni, hata kambini Sitalike huja. Basi ukisikia majani yanatafunwa nje ya hema, tulia ndani. Na wakati wowote usisimame kati ya kiboko na maji.

Karibu na ziwa Katavi upo mkwaju ambao watu wa huku huuheshimu. Husimuliwa kwamba ndani yake hukaa roho ya Katabi, mwindaji ambaye jina la hifadhi linatokana naye, na wapo wanaoacha sadaka shinani. Hata kama imani yenu ni nyingine, msicheke, wala msiguse kilichowekwa. Kabla ya kuwa hifadhi, hii ilikuwa nchi ya watu, na kumbukumbu zao bado zimo.

Naomba pia ujue kwa nini madimbwi yanapungua. Kiangazi ni kiangazi, lakini sehemu za juu za mto wakulima wameweka mabanio ya kumwagilia mpunga, mengine bila kibali, na miti ya vyanzo imekatwa. Maji yanayobaki huko hayafiki kwa kiboko. Usiwahukumu kwa haraka. Mchele huo ndio ada za watoto wao, na hata mezani kwangu upo. Ila mtu anayekwenda kutazama kiboko tu bila kuuliza mto unatoka wapi, ametazama nusu. Mkiwa Mpanda nitawakutanisha na wakulima wenyewe, muwasikilize. Huwezi kuipenda hifadhi ukawa hutaki kuwajua majirani zake.

Na mkirudi Dar es Salaam mtaulizwa safari ilikuwaje. Semeni ukweli wote: vumbi, ndorobo, maji ya kubeba, na kile mlichokiona Ikuu. Msiwaambie watu kwamba ni pazuri ila pangejengwa. Anayetaka starehe anazo hifadhi nyingine, na hakuna ubaya. Katavi iachwe kwa aliye tayari kuifuata ilivyo, na wageni wa namna hiyo wakiongezeka, kiingilio chao na chakula wanachonunua Sitalike vitaisaidia kubaki hivyo.

Nitumie tarehe ya kuwasili na idadi yenu wiki mbili kabla, niwatafutie mwongozo na niwaandalie pa kulala mkiwa mjini. Mkishaingia hifadhini simu hazitashika kila mahali, basi niachieni ratiba yenu, nijue siku ya kuanza kuwaulizia.

Msalimie sana baba yako, na umwambie dada yake anamngoja naye aje.

Ni mimi,
Shangazi yako