Trakta Ikilala Matopeni: Safari ya Bonde la Ruzizi



Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 anateremka mlima wa Ngomo akiwa bado na koti, na akifika Kamanyola analivua. Joto la bonde linamshika palepale. Kushoto kwake ni mto Ruzizi, unaochukua maji ya ziwa Kivu na kuyapeleka ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Rwanda kwanza, halafu Burundi. Kulia ni milima inayopanda mpaka Itombwe. Katikati ndipo panalala bonde, tambarare kama mkeka: Katogota, Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Mito midogo inateremka kutoka milimani, inakata barabara yetu, na kila mmoja unaacha udongo wake njiani kabla ya kuingia Ruzizi.

Udongo huo ndio nataka tuuzungumzie. Sehemu za chini ni mweusi, na una tabia mbili. Mwezi wa saba na wa nane unapasuka, nyufa zinakuwa pana hata mguu wa mbuzi unaingia. Mvua zikirudi unakunywa maji, unavimba, nyufa zinafunga, na juu panakuwa kama sabuni. Ukitembea humo viatu vinabaki nyuma. Huku tunasema tu potopoto, lakini wakulima wa bonde wanatofautisha: kuna matope ya juu ambayo mtu anateleza na kuendelea, na kuna yale yanayonyonya. Haya ya pili yanashika mguu, jembe, ng'ombe, na yanashika trakta pia.

Trakta si kitu kigeni bondeni. Kiliba kuna kiwanda cha sukari na mashamba yake ya miwa, na wazee wanakumbuka mashini zikivuta rimorke za miwa. Siku hizi hata vyama vya wamama wanaolima mpunga vinakodi trakta. Kiwanja ambacho wamama ishirini wangekilima kwa jembe la mkono kwa wiki nyingi, mashini inakigeuza kwa siku chache. Shida ni kwamba kila mtu anaitaka trakta wakati uleule, mvua zikiisha kulainisha ardhi, na trakta ni chache. Zamu yako ikifika, unaipokea hata kama jana mvua ilinyesha usiku kucha.

Wakati wa likizo ya Noeli nilisimama karibu na Luberizi, nikitoka kusalimia familia. Trakta ilikuwa imelala shambani, mbali kidogo na barabara. Magurudumu makubwa ya nyuma yalikuwa yamezama karibu nusu. Tumbo lake lilikuwa bado halijagusa udongo, na shofa, papa mmoja mwenye mvi, alisema hiyo ndiyo bahati ya siku. Alikuwa amezima moteri mapema. Magurudumu yalipoanza kuzunguka bila kusogea, hakuongeza mafuta. Gurudumu linalozunguka mahali pamoja ni jembe: kila mzunguko linachimba kaburi lake, na mashini ikikaa kwa tumbo, uzito wote unatoka kwenye magurudumu na hakuna linaloshika tena.

Watu walikuwa wamefika kabla yangu. Wenye shamba, wapita njia, vijana wa piki, na watoto, watoto wengi kuliko wote, kwa kuwa masomo yalikuwa yamefungwa. Kila mmoja alikuwa na shauri. Mmoja alitaka vijana sita wapande mbele juu ya moteri waongeze uzito. Mwingine alileta gogo na mnyororo, akasema lifungwe kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likizunguka gogo litaingia chini na kuinua mashini. Wengine walishika jembe la mashini, lile wanaloliita sharu, tayari kusukuma.

Papa shofa alikataa yote matatu. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya majani akasema, "Wamama, haiko haraka. Matope hayaendi fasi."

Shauri la gogo ndilo linaloua, na nitaeleza kwa nini, maana hata mimi niliona lina akili kabla sijafikiri vizuri. Mmekwisha kuona vijana wa piki wanaopiga mafuta kwa nguvu mpaka gurudumu la mbele linapanda hewani. Moteri inazungusha gurudumu la nyuma, na gurudumu likishika sana ardhi, nguvu inainua piki yenyewe. Trakta ni vilevile, ila ina tani kadhaa. Magurudumu ya nyuma yakikataa kabisa kuzunguka, kwa sababu matope yameyabana au gogo limeyafunga, nguvu ya moteri haipotei. Inatafuta kitu kingine cha kuzungusha, na kitu hicho ni mwili wa trakta. Pua inapanda, inapita juu, inaanguka nyuma pamoja na shofa chini yake. Muda wake haufiki sekunde mbili. Mtu hapati nafasi ya kukanyaga ambreyaji, sembuse kuruka. Na wale vijana sita waliokaa mbele wangekuwa wapi?

Trakta za karibuni zina upinde wa chuma nyuma ya kiti, unaomlinda shofa mashini ikipinduka, mradi amefunga mkanda. Ile ya Luberizi haikuwa na upinde wala mkanda.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa majembe. Sharu ilifunguliwa kwanza ikaachwa pembeni, maana kinachovutwa nyuma ni mzigo juu ya mzigo. Kardani, ule mti wa chuma unaozunguka nyuma kuendesha mashini nyingine, ulikuwa umezimwa tangu mwanzo. Hapo wamama tusikie vizuri: kardani ikizunguka na kitenge kikaigusa, inakivuta pamoja na aliyekivaa. Hakuna mama anayepaswa kukaribia nyuma ya trakta ambayo moteri yake inanguruma, na mwenye mtoto mgongoni asikaribie hata ikiwa imezimwa.

Walichimba nyuma ya magurudumu, si mbele. Trakta ilikuwa imeingia kwa njia ngumu, na ilikuwa rahisi itoke kwa njia ileile, kwa vitesi ya nyuma. Kurudi nyuma kuna faida nyingine: nguvu ya moteri inakandamiza pua chini badala ya kuiinua. Walikata mteremko mrefu, polepole, usiwe ngazi. Wakafungua udongo pande zote za gurudumu ili hewa ipite, kwa sababu matope haya meusi yananyonya kama kikombe kilichofunikwa juu ya meza yenye maji: ukivuta hakitoki, ukiingiza ukucha kinatoka. Wamama wakaleta majani makavu ya mpunga, matawi, na mbao mbili kutoka nyumba ya karibu. Vyote viliingizwa chini kabisa, mpaka vikagusa mpira wa gurudumu.

Shofa akajaribu mara moja, taratibu. Trakta zile zina kishikio kidogo, kwa nyingi ni cha mguu, kinachofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ili moja lisiteleze peke yake wakati jingine limesimama. Alikikanyaga akiwa amenyoosha usukani, maana ukikata kona nacho kimefungwa unaharibu mashini. Ilisogea hatua moja na kurudi. Akazima. Hakujaribu mara ya tano na ya sita kama wengi wafanyavyo. Alituma kijana wa piki kuita trakta nyingine iliyokuwa inalima Bwegera.

Tulikaa zaidi ya saa mbili, na hapo nilisikia kinachowasumbua wenye shamba. Walikodi kwa saa. Kila dakika ya matope waliihesabu katika franga za chama, na kiongozi wao alikuwa hawezi kutulia: anakwenda kwa shofa, anarudi, anauliza kama watu wote wakisukuma pamoja haitatoka. Sikumlaumu. Lakini niliona wazi kwamba haraka yote ile, gogo, vijana juu ya moteri, mikono kwenye sharu, ilitoka kwenye bei. Shofa naye aliona. Akapiga simu kwa mwenye trakta mbele ya wote, na mwenye trakta akakubali kwamba saa za matope hazihesabiwi. Baada ya neno hilo hata sauti za watu zilishuka. Kwa maoni yangu hili liandikwe katika karatasi ya kukodi kabla mashini haijaingia shambani: saa za kulima zinalipwa, saa za kukwama hazilipwi, na shofa ndiye anayeamua kama ardhi inalimika leo au hapana. Chama kinachosaini bila hayo kinajinunulia hatari.

Trakta ya pili ilipofika ilisimama mahali pakavu, mbali na ile iliyozama, zikielekeana migongo. Kamba ilikuwa ya chuma, kabule nene. Shofa aliifunga chini kabisa kwa trakta zote mbili, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya mhimili wa magurudumu ya nyuma. Akifunga juu zaidi, trakta inayovuta inaweza kuinua pua kama nilivyoeleza. Kijana mmoja alikuja na kamba ya nailoni aliyosema haikatiki. Hiyo ni mbaya zaidi. Nailoni inavutika kama mpira wa manati, inajaza nguvu ndani yake, na ikikatika au kroshe ikichomoka, inarusha chuma upande wowote. Hata kabule inaweza kuruka. Ndiyo sababu aliweka magunia mawili yenye udongo mbichi katikati yake, ili ikikatika ianguke chini badala ya kupiga.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo lilinifanya niandike makala hii. "Batoto kwanza. Mashini sitawasha mpaka batoto wako kule kwa muembe."

Alihesabu hatua. Kamba ilikuwa kama mita 20; akataka watu wote wakae mita 30 au zaidi, na asionekane mtu kati ya trakta mbili, wala wa kuruka kamba iliyokazwa. Mimi na wamama wawili tulifanya kazi ya masomo: tuliwapanga watoto chini ya muembe, wakubwa wakishika wadogo. Walilalamika kwamba hawaoni vizuri.

Sisi wa njia hii tunajua kutazama kunaweza kugharimu nini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, si mbali na hapo. Watu walisogea, wengine kuchota, wengine kuona tu, na wengine walikuwa ndani ya nyumba za karibu wakiangalia mechi ya Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na kati yao watoto wengi. Trakta matopeni haiwaki hivyo, najua. Lakini mguu unaotupeleka karibu na mashini iliyoanguka ni uleule, na mtoto anaufuata mguu wa mama yake.

Kuvuta kwenyewe kulikuwa kufupi, hata watoto walisikitika. Trakta ya pili ilisogea pole mpaka kabule ikanyooka, bila kurusha, kisha zote mbili zikaenda pamoja kwa vitesi ya chini. Mlio ulisikika, kama mtu anavuta mguu kwenye kiatu chenye maji, na mashini ikapanda juu ya mbao. Haikusimama mpaka ilipofika pakavu.

Kiongozi wa wamama aliuliza kama wanaweza kuendelea na upande wa juu siku ileile. Shofa alichimba kwa jembe, akachukua udongo wa chini kiasi cha kiganja, akausokota kati ya mikono. Ulitoka mrefu kama kamba nyembamba, haukukatika. "Ukisokotwa hivi, bado," alimwambia. "Ukivunjika vipande, mniite." Aliwafundisha wafanye hivyo wenyewe asubuhi, sehemu tatu au nne za shamba, hasa karibu na mfereji, na wakague kwa kisigino njia ambayo mashini itapita. Walikubaliana siku nne kama mvua hainyeshi.

Mashimo mawili yalibaki, yamejaa maji mpaka juu. Wamama waliyafukia kabla ya kwenda nyumbani, maana watoto walikuwa wameshaanza kutoka chini ya muembe.