Upinde Uliolazwa Igunga

Swali lililonikuta Igunga lilikuwa la bolti na bawaba, nami nililijibu vibaya kabla ya kulijibu vizuri. Naliandika katika kurasa hizi za washairi kwa sababu lilikuja kugusa kazi yangu ya kalamu, na kwa sababu lipo jambo ambalo sina budi kulikiri.

Mtoto wa dada yangu alinunua boti ya faiba Dar es Salaam, akakusudia kuipeleka Mwanza afanye biashara ya kutembeza wageni ziwani. Boti haikuwa kubwa, ila juu yake ulisimama upinde wa mabomba ya alumini, ukishikwa miguuni kwa bolti nne na bawaba mbili. Kwenye upinde huo hufungwa kamba ya kumvuta mchezaji asimamaye juu ya ubao na kuteleza nyuma ya boti. Kwa kuwa kamba inavuta kutoka juu, mchezaji huweza kuruka mawimbi. Fedha za boti zilikuwa za mkopo, na zilizopungua zilitimizwa na mkufu wa dhahabu wa mama yake. Mimi nilikuwa na safari yangu ya Tabora, kwenda kuliona tembe la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, hivyo nikaongozana nao hadi Nzega.

Siku ya kuondoka, boti ikiwa juu ya trela, dereva aliuliza kama tuulaze upinde. Mpwa wangu akanitazama, jinsi kijana anavyomtazama mjomba wake penye shaka. Nikasema usilazwe. Nikaongeza kwamba mimi nimekulia kati ya vyombo, na chombo hakiingii bandari ya ugenini kimeinamisha kichwa. Maneno yalipendeza, wakayakubali.

Baharia wa kweli angenicheka. Jahazi likikaribia bandari hutua tanga, na foromali ikashuka. Hakuna nahodha aonaye haya kwa hilo. Lakini mimi ni mtu wa maneno, na aghalabu mtu wa maneno husadiki sentensi yake kwa kuwa tu imekaa vizuri kinywani.

Tulipita Dodoma na Singida salama. Katika mteremko wa Sekenke, unaoiachia Iramba mbuga ya Wembere, upepo ulitupiga ubavuni na trela likaanza kuyumba. Tulifika Igunga jua likizama, tukasimama kando ya barabara karibu na fundi mmoja wa baiskeli na kuchomelea. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Bolti moja ilikuwa imekatika, nyingine imelegea, na kutoka mguu wa kushoto wa upinde ufa ulikuwa umetambaa ndani ya faiba, mrefu kama kiganja.

"Shikamoo, mzee," aliniambia. "Huu mnara mmeusimamisha wa nini barabarani?"

Nikamwitikia, nikaanza kumweleza habari za vyombo na bandari. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatabasamu. "Aliye juu mngoje chini, mzee."

Alitufafanulia taratibu, akigonga mabomba kwa spana. Boti ikiwa majini, maji huupokea mtikisiko na kuutawanya. Ikiwa juu ya trela haina cha kuupokea: kila tuta na kila shimo hupanda moja kwa moja hadi miguuni mwa upinde. Juu ya hayo kuna upepo, ambao gari likizidisha mwendo mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye malori ya pamba, akajua mzigo wa juu unavyofanya. Wala hakuficha kwamba kulaza nako kuna hasara zake. Upinde uliolazwa ovyo husugua rangi, hugonga viti, na bawaba zake huchezacheza hadi zikapanuka. Sharti uwekewe kitu laini chini, ufungwe imara, tena ufungwe kwenye boti yenyewe na si kwenye trela, maana boti na trela havitikisiki pamoja.

"Na je, tukikaza bolti mpya ukabaki umesimama?" nilimwuliza, nikijaribu bado kuiokoa sentensi yangu.

"Kilichowekewa bawaba, mzee, kimewekewa kulala. Kingetakiwa kusimama siku zote, kingechomelewa."

Mpwa wangu hakusema neno. Alipitisha kidole juu ya ule ufa, akarudi akakipitisha tena. Kama angenilaumu ingekuwa nafuu.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, sikupata usingizi. Mkobani nilikuwa na tafsiri ya mashairi kumi na mawili ya marehemu mjomba wangu, aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa vidole kabla sijajua kuandika vizuri. Chuo kingine cha ushairi sikupata. Mhariri mmoja wa Ulaya alikuwa ameniomba niyatafsiri upya kwa Kiingereza bila vina, kwani aliona vina vyangu vimeyafanya mashairi ya mtu mzima yasikike kama nyimbo za watoto. Nilikuwa nimemjibu kwa hasira, kwa sentensi ya aina ile ile: kwamba mjomba wangu haendi ugenini ameinamishwa kichwa.

Nikawaza juu ya mashua nyingine iliyopita nchi kavu pembezoni mwa Wembere. Stanley aliiita *Lady Alice*. Ilikuwa na urefu wa futi 40, ikaundwa kwa vipande 5 vya kubebwa na watu. Vilipofika Unguja vikaonekana vizito mno, seremala akavipunguza tena. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukaacha njia kuu ya Tabora kwa kukata kaskazini kutoka Ugogo, na tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kagehyi, ukingoni mwa ziwa kubwa. Waliobeba vile vipande wengi wao walikuwa Waungwana wa Unguja, na nahodha wa mashua, Uledi, alitoka miongoni mwao. Mashua ile ilifika kwa sababu ilikubali kufunguliwa, na kwa sababu waliokuwa nayo walijua kila kipande kinarudi wapi.

Tena nikaikumbuka *Liemba* ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa masandukuni, ikapita Tabora kwa reli hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nene. Ilipoinuliwa mwaka 1924 ilikutwa yafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Aliyepaka grisi ile alikuwa akimfikiria mtu wa kuja kuinua.

Basi nikajiuliza: katika shairi la mjomba wangu, bawaba iko wapi? Mizani kumi na sita, nane kwa nane, ni mbavu za chombo. Nikizivunja sibaki na kitu. Mpangilio wa hoja, ubeti baada ya ubeti, nao hauguswi. Vina vya kati na vya mwisho vilikuwa upinde wangu. Nilikuwa nimevisimamisha kwa Kiingereza kwa kuvunja maneno, kugeuza maana na kumtia marehemu kauli asizozisema. Ufa ulikuwa tayari umo ndani ya faiba, nami ndiye niliyeutia.

Lakini hofu moja haikuniacha, na haijaniacha. Upinde wa boti ukilazwa Igunga husimamishwa Mwanza. Vina nikivilaza, nani atavisimamisha huko viendako? Jibu nililolipata ni dogo: nilimwandikia mhariri kwamba nakubali kulaza vina, kwa sharti kwamba kila shairi lichapwe na Kiswahili chake ubavuni. Hata asiyejua lugha yetu ataona kwa macho silabi zile zikirudi mahali pake kila mstari, ajue kuna kitu kilichosimama hapo.

Asubuhi fundi aliziba ufa kwa faiba na gundi, tukaulaza upinde juu ya magodoro mawili makuukuu, tukaufunga kwa mipira ya tairi. Bolti tatu zilizosalia tulizitia pamoja na nati zake katika kopo la maziwa, na kopo nikampa mpwa wangu mkononi. Nikamwambia mbele ya dereva na fundi kwamba kosa lilikuwa langu. Akaniitikia, "Yameisha, mjomba," akaliweka kopo chini ya kiti chake. Tuliagana Nzega.

Siku ya tatu alinipigia simu kutoka Mwanza. Upinde ulikuwa umesimama, na boti ilikuwa majini. Nikamwuliza kama kiraka kinaonekana.

"Wageni hawakioni, mjomba," alisema. "Mimi nakiona."