Kati ya Bei Mbili: Kubadili Fedha Ujiji na Kigoma

Kijana wa Mwanga au Ujiji anayefungua akaunti ya forex kwenye simu huambiwa kuwa ameingia katika biashara mpya iliyotoka London na New York. Sikubaliani na hilo. Ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika ulikuwa mahali pa kubadili fedha kabla ya reli, kabla ya Wajerumani na kabla ya noti yenyewe, na sisi wa huku tumeiona kazi hiyo ikivaa sura nyingi. Safari hii imebadilika nafasi ya anayeanza. Zamani alijifunza akiwa upande wa mbadilishaji. Sasa anaanza akiwa mteja, huku akiamini kuwa mbadilishaji ni yeye. Hasara nyingi zinazosikika mitaani, kwa maoni yangu, zinatoka hapo, wala hazitokani na uvivu wa vijana au ujinga wao kama wazee wengi wanavyopenda kusema.

Ushahidi wa zamani ulio wazi kuliko wote tumeachiwa na Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyefika Ujiji Februari 1874. Katika kitabu chake Across Africa, kilichotoka 1877, anaeleza kuwa fedha ya soko la Ujiji ilikuwa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko lilipoanza, watu wenye mikoba iliyojaa sofi waliwapa wanunuzi sofi hizo na kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipokwisha, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, na mara zote mbili walipata faida. Cameron aliona mara moja kuwa hao ni wabadilisha fedha kama wa kwingineko duniani. Tuitazame vizuri kazi yao. Mwenye mkoba hakulazimika kujua kama sofi itapanda au itashuka wiki ijayo. Alitoa kwa bei moja, akapokea kwa bei nyingine, na usiku ulimkuta na mkoba wake pamoja na ziada. Mnunuzi alilipa gharama ya kubadili, lakini naye alirudi nyumbani na samaki, chumvi au mafuta ya mawese. Walioumia na shanga ni wale waliozibeba kutoka pwani kwa kubahatisha. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Hanning Speke Februari 1858, na Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone hapo 1871, wote wawili waliandika jinsi kila nchi ya bara ilivyopenda aina yake ya shanga, na jinsi shanga iliyokataliwa ilivyogeuka mzigo wa bure mabegani mwa wapagazi. Kwa hiyo tangu wakati huo palikuwa na kazi mbili tofauti zinazofanana kwa macho: kukaa kati ya bei mbili, na kushika fedha ukingoja ipande.

Enzi za ukoloni nitazipita haraka, kwa sababu zilirudia somo hilohilo kwa vyombo vipya. Wajerumani walileta rupia, iliyogawanywa kwanza kwa pesa 64 na baadaye, kuanzia 1904, kwa heller 100. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na miezi michache baadaye vita vikaanza. Shehena za sarafu kutoka Ujerumani zilipokatika, serikali ya kikoloni ilichapa noti za dharura, na 1916 sarafu zikafuliwa Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15. Mwaka huohuo Wabelgiji waliichukua Kigoma, na utawala uliozitoa noti zile ukakimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 upande huu ukapata shilingi ya Afrika Mashariki, na ng'ambo ikaendelea faranga ya Kongo. Aliyekuwa amezificha noti za dharura ndani ya nyumba alijikuta na ahadi ya serikali ambayo haipo.

Somo zito zaidi lilikuja kwa maji, kutoka Zaire, Kongo ya leo. Rais Mobutu alipoianzisha fedha ya zaire 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 ikatolewa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na 1998 ikarudi faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukipiga hesabu, faranga moja ilichukua nafasi ya zaire za mwanzo bilioni 300. Nakumbuka namna watu wazima walivyoizungumzia fedha ile: haikuwekwa, ilitumwa. Iliyopokelewa kwa dagaa au sabuni ilitakiwa irudi ng'ambo na boti ya kwanza, ikanunue vitenge au mawese kabla haijapoteza nguvu. Hakuna aliyehitaji chuo kujua hilo. Bei ya bidhaa ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na mwenye boti aliyetoka Kalemie au Uvira alileta habari pamoja na mzigo.

Upande wetu wa ziwa nao ulikuwa na mashaka yake. Shilingi ya Tanzania, iliyotoka 1966, ililindwa miaka mingi kwa bei ya serikali iliyozidi kuachana na bei ya mtaani, hadi 1986 iliposhushwa kutoka takriban shilingi 17 kwa dola hadi 40. Nakumbuka enzi za kunong'ona, hasa baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983, pale neno dola lilipoweza kumtia mtu matatani. Kisha Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na bei zikatoka mafichoni na kubandikwa ukutani, safu moja ya kununua na nyingine ya kuuza. Watu wote tulizoea kuuliza dola ni shilingi ngapi leo. Wachache sana walitazama pengo kati ya safu hizo mbili, na pengo hilo ndilo lililolipa kodi ya duka, mshahara wa mlinzi na faida ya mwenye duka.

Kwenye mwalo wa Kibirizi, ambako boti za Burundi na Kongo hupakia, ubadilishaji umebaki umefungamana na mzigo. Mwenye boti anayerudi Uvira anataka shilingi za kununulia saruji. Mfanyabiashara wa Kigoma anayekwenda Bujumbura anataka faranga. Anayebadili anawakutanisha, na fedha haikai mkononi mwake kuliko ulazima. Kwa sababu hiyo bei ya ufukweni mara nyingi hujua mambo kabla ya benki. Burundi ilifunga maduka ya kubadilishia fedha 2020, ikaendelea kutangaza bei rasmi iliyo mbali na ya sokoni, kisha Mei 2023 benki kuu yake ikaishusha faranga kwa mkupuo, dola ikatoka takriban faranga 2,090 hadi zaidi ya 2,800. Kwa wanaovuka ziwa hiyo haikuwa habari mpya. Bei rasmi ndiyo iliyochelewa kufika mahali ambapo wauza dagaa walishakaa.

Sasa tuichukue simu. Kampuni nyingi za forex humpa mwenye dola 100 uwezo wa kushika dola 10,000, mara mia ya fedha yake mwenyewe. Tofauti ni mkopo wa kukuzia dau. Bei ya euro kwa dola ikisogea asilimia 1 kinyume chake, dola 100 zote zimekwisha, na mwendo wa asilimia 1 si ajabu ndani ya siku chache, siku nyingine ndani ya saa chache. Hatari hii husemwa sana. Isiyosemwa ya kutosha ni gharama ya pengo. Tuseme kampuni inauza na kununua kwa tofauti ya pipu moja, yaani 0.0001. Juu ya mzigo wa ukubwa ule tofauti hiyo ni karibu dola 1, sawa na asilimia 1 ya mtaji, na mteja ameilipa kabla bei haijaenda popote. Akifungua na kufunga mara kumi kwa siku, karibu sehemu ya kumi ya mtaji imehama, hata kama alikisia sawasawa nusu ya mara hizo. Mwenye mkoba wa sofi leo ni kampuni. Kijana ni mwenda soko aliyebadili asubuhi na jioni, akalipa mara zote mbili, na hakununua samaki.

Wapo watakaosema kuwa washindi wapo, na ni kweli wapo. Lakini mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilipoyachunguza mauzo ya aina hii 2018, ilikuta asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wa kawaida zinapoteza fedha, na ikaweka kikomo cha mkopo huo kuwa mara 30 kwa jozi kuu za fedha. Hao ni wateja wenye intaneti ya kasi na sheria za kuwalinda; sioni sababu ya hesabu kuwa nyepesi zaidi kwa kijana wa Ujiji. Wengine hujibu kwamba soko ni pana na riziki humo ni ya wote, kwa kuwa fedha zinazobadilishwa duniani kwa siku zilikadiriwa kufikia dola trilioni 7.5 Aprili 2022. Upana huo ni wa benki, mifuko mikubwa na makampuni yanayohitaji fedha ya nchi nyingine kulipia bidhaa. Ukubwa wa ziwa hauongezi samaki ndani ya ndoo yako.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kuwa wabadilishaji wa ufukweni nao walibahatisha, walidanganya kwa noti bandia, na wengine waliangamia na zaire. Nalikubali lote. Hata hivyo aliyebahatisha kwa zaire alipoteza alichokuwa nacho, na alikipoteza polepole, huku kila boti ikimpa nafasi ya kutoka. Mkopo wa mara mia unaondoa ule muda wa kujirekebisha, na muda huo ndio uliowafanya wengi wawe makini. Noti bandia nayo hufundisha jicho na kidole. Mtu wa Kigoma anajua kuwa dola iliyochanika kidogo hukataliwa Kongo, na kuwa dola za toleo la zamani hupewa bei ya chini hata kwetu, jambo ambalo wabeba shanga wa karne ya 19 wangelielewa bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo mwanzilishi makini aanzie wapi? Mimi ningemwomba aanze na haja. Kama anauza mawese kwa Warundi au ananunua vitenge kutoka Kongo, tayari ana sababu ya kuijua faranga, na hesabu zake za kubadili zitapimwa na mzigo halisi. Aandike kila badiliko kwenye daftari, kwa shilingi, pamoja na gharama ya pengo, maana faida inayoonekana kwa dola inaweza kuwa hasara shilingi inapoimarika, kama ilivyoimarika mwishoni mwa 2024. Akitaka bado kujaribu simu, akae miezi kwenye akaunti ya mazoezi, achague jozi moja, akatae mkopo wa kukuza dau au auweke chini kabisa, aulize kampuni imesajiliwa wapi na inasimamiwa na nani, na ajaribu kutoa fedha kidogo mapema kabla ya kuweka nyingi. Ada ya shule na mtaji wa dukani visiingizwe humo.

Najua jibu litakalonirudia: kijana mwenye laki mbili na nusu hana mtaji wa mawese wala wa duka la kubadilishia fedha. Hapa lawama haiwezi kumwangukia yeye. Baada ya misako ya maduka ya kubadilishia fedha Arusha mwishoni mwa 2018 na Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019, mengi yalifungwa na masharti yakawa mazito, kwa hoja ya utakatishaji fedha, ambayo si ya kupuuzwa. Lakini nafasi ya katikati, ile ya mwenye mkoba, ikawa ya wenye mitaji mikubwa, na aliye mdogo akabaki na simu. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo Mkongo au Mrundi anayeshuka Kibirizi lazima apate shilingi kwanza, na haja ya wabadilishaji imeongezeka. Leseni ndogo ya mwaloni, yenye kikomo cha kiasi cha siku, stakabadhi kwa kila badiliko na kitambulisho cha mteja, ingeonekana na Benki Kuu kuliko mkono unaobadili gizani, na ingewapa vijana mahali pa kujifunzia kazi hii kwa faranga na shilingi za watu wanaowaona.